Kiafrikaans na Kimalay: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiafrikaans husemwa kusini kabisa mwa Afrika. Kimalay husemwa visiwani na pwani za Asia ya Kusini-Mashariki, na kati ya wasemaji wa lugha hizi mbili kuna Bahari ya Hindi nzima. Hata hivyo, mtu wa Cape Town akiomba ndizi sokoni ataitaja kwa neno lile lile la muuzaji wa Jakarta. Majibu yafuatayo ni kwa wanaotaka kujua jambo hilo limetokeaje, na lugha hizi zinafanana au kutofautiana wapi. Kwa kuwa msomaji wangu ni Mswahili, mifano mingi nimeipima kwa Kiswahili.

Je, Kiafrikaans na Kimalay ni lugha za ukoo mmoja?

Hapana. Kiafrikaans kimetokana na Kiholanzi cha karne ya 17, kwa hiyo ndugu zake ni Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia. Kimalay ni cha ukoo wa Kiaustronesia, ulioenea kutoka Taiwan hadi Ufilipino na Indonesia, ukafika Hawaii na New Zealand upande mmoja, na Madagaska upande wa pili. Chukua maneno ya kila siku uone: maji ni "water" kwa Kiafrikaans na "air" kwa Kimalay, jicho ni "oog" na "mata", moto ni "vuur" na "api", mbili ni "twee" na "dua".

Umri wao pia haulingani. Jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana karibu na Palembang katika kisiwa cha Sumatra, lina maandishi ya Kimalay cha kale ya karne ya 7. Kiafrikaans kilitambuliwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Afrika Kusini mwaka 1925 tu, na kabla ya hapo wenye mamlaka walikiona ni Kiholanzi kilichoharibika.

Kama si ndugu, kwa nini watu huzilinganisha?

Kwa sababu ziliwahi kukaa nyumba moja, na nasema hivyo kwa maana halisi. Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alifika Rasi ya Tumaini Jema, yaani Cape, ulipo leo mji wa Cape Town, kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India. Kazi yake ilikuwa kuanzisha kituo cha maji, mboga na nyama kwa meli zinazokwenda Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Miaka sita baadaye watumwa walianza kuletwa kwa wingi. Walitoka visiwa vya Indonesia, pwani za India, Sri Lanka, Madagaska na Msumbiji. Mpishi, yaya, fundi cherehani, seremala na mvuvi wa mji ule, mara nyingi alikuwa mtumwa.

Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Walielewana kwa lugha mbili ambazo tayari zilikuwa lugha za biashara katika bandari za Bahari ya Hindi: Kireno cha mabaharia na Kimalay. Kisha wote, pamoja na Wakhoikhoi wenye ardhi ile, walilazimika kusema Kiholanzi na mabwana zao. Kiholanzi kilichopita vinywani mwa watu hao wote, kikanyolewa viambishi vyake, kikaongezewa maneno mapya, ndicho kilichokuja kuitwa Kiafrikaans. Anayesimulia historia ya lugha hii kwa kuwataja wakulima weupe peke yao anaacha nje watu walioijenga jikoni, karakanani na barazani.

"Wamalay wa Cape" walitoka Malaysia?

Wengi wao hapana. Walitoka Java, Sulawesi, Bali, visiwa vya Maluku, na wengine Bengal na pwani ya Malabar. Waliitwa Wamalay kwa sababu ya lugha waliyotumia kuelewana na kwa sababu ya Uislamu, hadi "Malay" na "Mwislamu" yakawa karibu neno moja katika mji ule. Baadaye serikali ya ubaguzi wa rangi ililigeuza jina hilo kuwa kundi la kuandikwa kwenye vitambulisho. Ndiyo maana leo baadhi ya watu wa jamii hiyo hulitumia kwa fahari, na wengine hupendelea kuitwa Waislamu wa Cape.

Maneno gani ya Kiafrikaans yametoka Kimalay?

Anza na sentensi hii: "Mtoto alikula ndizi nyingi."

Kiafrikaans: Die kind het baie piesangs geëet.
Kimalay: Anak itu sudah makan banyak pisang.

Mfumo wa sentensi ya kwanza ni wa Kijerumani kabisa, kitenzi kimekaa mwishoni. Lakini "piesang" ni "pisang", na "baie", ambalo hutamkwa kama "baya" lenye i ndani yake, limetokana na "banyak". Mholanzi wa leo angesema "veel bananen". Kinachonigusa zaidi ni hilo "baie". Lugha hukopa majina ya matunda kirahisi, kwa sababu tunda likija huja na jina lake. Neno lenye maana ya "-ingi" na "sana" ni jambo jingine. Hilo hutumika katika kila mazungumzo, na "baie dankie", yaani asante sana, ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyojifunza mgeni. Neno la aina hiyo haliingii lugha kupitia kwa wafanyabiashara waliopita. Huingizwa na watu waliolea watoto katika lugha hiyo.

Mengine ni "baadjie", koti, kutoka "baju". "Piering", kisahani cha kikombe, kutoka "piring", ambalo kwa Kimalay ni sahani. "Rottang", fimbo ya henzirani, kutoka "rotan". "Pondok", kibanda, neno ambalo Wamalay nao walilipata kwa Waarabu. "Soebat" ni kusihi na kubembeleza, na asili yake ni "sobat", rafiki, lenye mzizi mmoja na sahibu na sahaba tunaowajua sisi. "Oorlams", mtu mjanja aliyekwisha kuona mengi, huelezwa kuwa ni "orang lama", mtu wa zamani, mwenyeji.

Jikoni ndiko ushahidi ulikojaa. Mishkaki inaitwa "sosatie", ndugu wa "sate". "Atjar" ni "acar" ya Kimalay, na ni achari yetu pia. Neno limetoka India na kutua bandari zote tatu. "Blatjang" limebadilika njiani: "belacan" ya Wamalay ni dagaa-kamba waliosagwa na kuchachushwa, lakini blatjang ya Cape ni mchuzi mzito wa matunda, hasa aprikoti, wenye siki na pilipili. Jina limebaki, chakula kimekuwa kingine.

Katika nyumba za Waislamu wa Cape orodha ni ndefu zaidi. Saumu ni "poewasa", sikukuu ya Idi ni "labarang", kaburi la walii ni "kramat", asante ni "tramakassie", na mtu akifariki husemwa "maningal". Ukitaka kuomba jambo kwa adabu unasema "kanala", ambalo ni "karena Allah", kwa ajili ya Mungu. Neno hilo liliwahi kuupa mtaa wa District Six, mjini Cape Town, jina la utani la Kanaladorp.

Kila neno linalofanana limekopwa?

La, na hapa inafaa kwenda taratibu. "Amper" kwa Kiafrikaans ni "karibu", kwa maana ya "nusura". Kwa Kimalay ni "hampir". Mtu angeapa kwamba ni mkopo, lakini Waholanzi walikuwa na "amper" kabla ya kumjua Mmalay yeyote. Pengine Kimalay kilisaidia kulisogeza neno kwenye maana ya sasa, ila hakikulizaa.

Kuna pia maneno ambayo wote wawili waliyapata kwa Wareno. Jela kwa Kiafrikaans ni "tronk", na Kimalay kina "terungku". Chanzo ni "tronco" ya Kireno. Sisi pwani tulichukua neno jingine la Kireno kwa kazi hiyo hiyo, gereza, kutoka "igreja", kanisa. Wamalay walilichukua hilo hilo wakaliacha na maana yake: "gereja" kwao ni kanisa mpaka leo. Meza kwao ni "meja", na bendera ni bendera tupu, herufi kwa herufi.

Ni kweli kwamba Kiafrikaans kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu?

Ni kweli, na ndiyo sehemu ya habari hii ambayo ningetaka kila msomaji wa Kiswahili aijue, kwa sababu lugha yetu pia iliandikwa hivyo kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi.

Waholanzi waliitumia Cape kama mahali pa kuwafungia wapinzani wao wa Mashariki. Mwaka 1694 waliletwa Sheikh Yusuf wa Makassar na watu wake, wakawekwa shambani mbali na mji ili asichanganyike na watumwa. Eneo hilo hadi leo linaitwa Macassar. Alifariki mwaka 1699. Mwaka 1780 aliletwa Abdullah Kadi Abdus Salaam kutoka kisiwa cha Tidore, akafungwa kisiwa cha Robben, kile kile alichofungwa Mandela. Huko aliandika Kurani nzima kwa kumbukumbu ya moyoni. Watu walimwita Tuan Guru, bwana mwalimu. Alipoachiwa alifungua madrasa katika barabara ya Dorp, mtaa wa Bo-Kaap mjini Cape Town, mwaka 1793, na mwaka uliofuata ukaanza msikiti wa Auwal, wa kwanza nchini.

Madrasa zilianza kwa kufundisha kwa Kimalay, kilichoandikwa kwa Jawi, yaani hati ya Kiarabu iliyoongezewa herufi kwa sauti za Kimalay. Katika karne ya 19 watoto walikuwa wanasema Kiafrikaans nyumbani, na walimu wakabadilika nao. Hati ikabaki ile ile. Kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama "ng" na "ch", walitumia herufi za Jawi walizokwisha kuzizoea. Daftari za wanafunzi wa wakati huo zina somo la dini kwa Kiafrikaans, limeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na irabu zote zimetiwa alama.

Mwaka 1863 alifika Abu Bakr Effendi, mwanachuoni wa asili ya Kikurdi aliyetumwa na sultani wa Uturuki kuwafundisha Waislamu wa Cape. Alijifunza lugha ya watu, akaandika kitabu cha sheria za ibada, Bayan al-Din, kwa Kiafrikaans cha herufi za Kiarabu. Kilichapishwa Istanbul mwaka 1877. Effendi alikuwa wa madhehebu ya Hanafi na wenyeji wake wengi walikuwa Shafii kama watu wa pwani yetu, kwa hiyo mizozo haikukosekana. Ila kitabu kimebaki kuwa hazina.

Sasa linganisha tarehe. Chama cha Waafrikana weupe waliotaka lugha yao iheshimiwe, Genootskap van Regte Afrikaners, kilianzishwa katika mji wa Paarl mwaka 1875, na gazeti lao lilitoka mwaka 1876. Watoto wa madrasa walikuwa wameshaandika lugha hiyo miaka mingi kabla. Mtafiti Achmat Davids wa Bo-Kaap aliyafanyia kazi maandishi hayo hadi alipofariki mwaka 1998. Moja ya mambo aliyoonyesha ni kwamba herufi za Kiarabu zenye irabu kamili zinatuonyesha matamshi halisi ya mitaani, wakati waandishi weupe walikuwa bado wakivutwa na tahajia ya Kiholanzi.

Mnara wa lugha ya Kiafrikaans uliojengwa juu ya mlima wa Paarl mwaka 1975 una nguzo ya kwenda juu, matao, na kuba ndogo za upande wa Afrika. Kati ya upande wa Ulaya na upande wa Afrika kuna ukuta mfupi, na huo ndio uliotengewa Kimalay. Kwa maoni yangu ni mdogo mno.

Wajukuu wa watu hao wanasema Kimalay leo?

Hapana. Kama lugha ya mazungumzo kilikufa Cape katika karne ya 19. Kilichobaki ni maneno ya dini, adabu, chakula na sherehe niliyoyataja, na maandishi ya zamani yanayotunzwa na familia. Wengi husema Kiafrikaans cha Cape, kinachoitwa Kaaps, au Kiingereza, au vyote katika sentensi moja.

Kurudia neno mara mbili, kama "gou-gou", kumetoka Kimalay?

Kwa msemaji wa Kiswahili hili ndilo jambo litakalomfanya ajisikie nyumbani kwa lugha zote mbili. Kiafrikaans husema "gou-gou", upesi upesi. "Stuk-stuk", kipande kipande. "Kort-kort", kila mara. "Nou-nou", sasa hivi. Kimalay husema "cepat-cepat", haraka haraka, "pelan-pelan", polepole, "kadang-kadang", mara nyingine.

Kiholanzi hakina tabia hii kwa kiwango hicho, ndiyo maana wengi wanaona imetoka Kimalay. Lakini lugha za Wakhoikhoi nazo hurudia maneno, na watu walioleta Kimalay Cape walikuwa wakiishi nao. Naona ni salama kusema tabia hiyo ilisukumwa kutoka pande zote mbili. Tofauti kubwa ni kwamba Kimalay hurudia nomino kuonyesha wingi, "orang-orang" ni watu, na Kiafrikaans hakifanyi hivyo. Kina viambishi vyake vya wingi, "-e" na "-s".

Sarufi zao zikoje?

Zote mbili hazina mzigo wa minyambuliko ya vitenzi kufuata nafsi. "Ek is, jy is, ons is": mimi, wewe, sisi, kitenzi hakibadiliki. Kimalay vivyo hivyo: "saya makan, awak makan, kami makan". Baada ya hapo kila moja hushika njia yake.

Kwa wakati, Kiafrikaans hutumia "het" na "ge-" kwa karibu yote yaliyopita: "ek het geskryf", niliandika, nimeandika, nilikuwa nimeandika, yote mamoja. Kimalay hakina wakati ndani ya kitenzi. Huweka neno pembeni pale tu linapohitajika: "sudah" kwa jambo lililokwisha, "sedang" kwa linaloendelea, "akan" kwa lijalo, na "belum" kwa lile ambalo Kiswahili hulisema kwa "-ja-", bado halijawa. "Belum makan" ni "sijala" au "hajala". Ukiulizwa kama umeoa, adabu ni kujibu "belum", sijaoa, hata kama huna mpango.

Vivumishi vya Kimalay hufuata nomino kama vyetu: "rumah besar", nyumba kubwa. Kiafrikaans hutanguliza: "'n groot huis". Kimalay hakina "yeye" wa kiume na wa kike, "dia" ni wote. Kiafrikaans kina "hy" na "sy". Kwa upande mwingine, Kimalay kina "sisi" wawili: "kita" ni sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, "kami" ni sisi bila wewe. Ukikosea hapo unaweza kumtoa mwenzako kwenye safari aliyokwisha kufunga mizigo.

Katika ukanushi, Kiafrikaans huweka "nie" mara mbili: "Ek praat nie Maleis nie", sisemi Kimalay. Wageni hulalamika, lakini msemaji wa Kiswahili hana sababu. Katika "sisemi" tunakanusha mwanzoni kwa "si-" na tena mwishoni kwa "-i". Kimalay huweka neno moja mbele ya kitenzi, "tidak", na jingine kwa nomino, "bukan".

Mahali Kimalay kinapong'aa ni kwenye uundaji wa maneno. Chukua mzizi "ajar". "Mengajar" ni kufundisha, "belajar" ni kujifunza, "pelajar" ni mwanafunzi, "pengajar" ni mwalimu, "pelajaran" ni somo, "diajar" ni kufundishwa. Weka kando funza, jifunza, mwanafunzi, mafunzo, funzwa, uone akili ile ile ikifanya kazi kwa vifaa tofauti. Kiafrikaans kina kidogo cha hayo, lakini nguvu yake iko kwenye kuunganisha maneno mawili kuwa moja, na kwenye "-tjie" ya kudogosha na kupendezesha, ambayo watu huiambatisha karibu kwa kila kitu.

Mbona tahajia za Kiindonesia cha zamani zinafanana na Kiafrikaans?

Kwa sababu zote zilifuata Kiholanzi. Zamani Jakarta iliandikwa Djakarta, na jina la rais wa kwanza liliandikwa Soekarno. "Oe" ilikuwa u, "tj" ilikuwa ch, "j" ilikuwa y. Indonesia iliiacha "oe" mwaka 1947, na mwaka 1972 ikabadilisha mengine, ili "tj" iwe "c", "dj" iwe "j" na "j" iwe "y". Kiafrikaans kimebaki na "oe" yake: "boek", kitabu, soma "buk". Onyo: "g" ya Kiafrikaans husomwa kama "kh" ya kheri, na "baadjie" husomwa karibu na "baiki", kwa hiyo usiisome kwa macho ya Kiindonesia.

Kimalay nacho kimekopa kutoka Kiafrikaans?

Si moja kwa moja. Lakini Kiindonesia kimechota sana kwa Kiholanzi, na matokeo yake kina maneno ambayo Mwafrikana huyatambua akiyasikia: "kantor", ofisi, "handuk", taulo, "wortel", karoti, "buncis", maharage mabichi, "asbak", kibweta cha majivu ya sigara, "bioskop", sinema. Malaysia, iliyotawaliwa na Waingereza, haina mengi ya hayo. Ofisi kwao ni "pejabat" na taulo ni "tuala".

Mfano ninaoupenda ni wa heshima. Mtoto wa Kiafrikaans humwita mwanamume yeyote wa rika la baba yake "oom" na mwanamke "tannie". Jakarta mtoto husema "om" na "tante". Yametoka kwa mjomba na shangazi wa Kiholanzi, lakini Uholanzi kwenyewe hayajatanuka kiasi hicho. Yametanuka katika jamii ambazo, kama zetu, mkubwa haitwi kwa jina lake tupu.

Kimalay na Kiindonesia ni lugha moja?

Kwa misingi ndiyo. Ni viwango viwili vya lugha moja, wasemaji huelewana, na tofauti zipo zaidi kwenye msamiati na matamshi. Malaysia, Brunei na Singapore hutumia jina la Kimalay. Vijana wa Indonesia walikichagua kuwa lugha ya umoja tarehe 28 Oktoba 1928, ingawa Wajava walikuwa wengi kuliko wote. Walichagua lugha ya bandarini isiyokuwa mali ya kabila kubwa. Mtanzania hahitaji kuelezwa faida ya uamuzi huo.

Wasemaji ni wangapi?

Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 ilihesabu karibu watu milioni 6.9 wanaosema Kiafrikaans nyumbani, na wazungu hawakufika nusu yao. Kinasemwa pia sana Namibia. Kimalay pamoja na Kiindonesia kina zaidi ya watu milioni 200, wengi wao wakiwa wamejifunza baada ya lugha ya mama, sawa na Kiswahili.

Kiafrikaans si lugha ya makaburu?

Swali hili lina uchungu wake na halipaswi kupuuzwa. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, na polisi waliwapiga risasi. Lugha hiyo ilitumika kwenye sheria za pasi na kwenye amri za kuhamisha watu. Miongoni mwa waliohamishwa kwa nguvu ni zaidi ya watu 60,000 wa District Six, mtaa uliotangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966, na wengi wao waliisema lugha ile ile ya waliowafukuza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba serikali ya makaburu iliipora lugha ya watu wengi na kuiita yake. Kuendelea kuiita ya makaburu peke yao ni kuwapa ushindi huo bure.

Kiafrikaans ni krioli?

Krioli ni lugha mpya inayozaliwa pale watu wa lugha mbalimbali wanapolazimika kuishi pamoja. Kuhusu Kiafrikaans wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema ni Kiholanzi kilichorahisishwa na muda, wapo wanaokiita krioli, na wapo wanaosimama katikati. Sarufi yake imebaki na mambo mengi ya Kiholanzi, hasa mpangilio wa vitenzi, kiasi kwamba krioli kamili ni neno kubwa. Lakini hakuna mabadiliko ya kawaida ya kizazi kwa kizazi yanayoweza kuondoa jinsi zote za nomino na minyambuliko karibu yote kwa muda mfupi hivyo bila watu wazima wengi kuwa wanajifunza lugha ukubwani. Watu wazima hao ndio wale tuliowazungumzia.

Ipi rahisi kwa mtu anayejua Kiswahili?

Kimalay, bila kusita. Irabu zake ni karibu na zetu, isipokuwa "e" moja ya kumezwa. Maneno ya Kiarabu tayari unayo: "kabar" ni habari, "sebab" ni sababu, "waktu" ni wakati, "kertas" ni karatasi, "sabun" ni sabuni, "dunia" ni dunia, "rezeki" ni riziki, "hakim" ni hakimu, na siku baada ya Khamis ni Jumaat. Kiafrikaans kitakuwa rahisi kwako kama unajua Kiingereza au Kijerumani vizuri, vinginevyo utaanza kutoka chini.

Kuna maneno ya kuchunga?

Yapo. "Dada" kwa Kimalay ni kifua. "Sana" ni "kule". "Kata" ni neno, au kusema. Na kwa Kiafrikaans "baba" ni mtoto mchanga, kwa hiyo ukisikia mama akisema "my baba" usitafute mume wake.

Lugha hizi zina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Kiafrikaans kilifika na makaburu waliokimbia baada ya vita vyao na Waingereza. Wengine walikwenda Arusha wakati wa Wajerumani, na mwaka 1908 msafara mkubwa ulifika uwanda wa Uasin Gishu, wakawa miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa Eldoret. Karibu wote waliondoka Kenya ilipopata uhuru.

Kimalay chenyewe hakikukaa kwetu, lakini jamaa yake yuko jirani. Kimalagasi cha Madagaska kilitoka Borneo, na lugha iliyo karibu nacho kuliko zote ni Kima'anyan cha bonde la mto Barito. Anga kwa Kimalay ni "langit", kwa Kimalagasi ni "lanitra". Jiwe ni "batu" na "vato". Mwana ni "anak" na "anaka". Mbili ni "dua" na "roa". Walipofika huku walipata mifugo kwa watu wa pwani, na majina yake wakayachukua kwao: ng'ombe ni "omby", kondoo ni "ondry", kuku ni "akoho". Tawi la lugha hiyo, Kibushi, linasemwa Mayotte katika visiwa vya Komoro, kijiji kwa kijiji na Kimaore, ambacho ni ndugu wa Kiswahili.